Mbao za jengo lako la 3D zisionekane kama stika

Wakuu, ukijenga nyumba ya mbao kwenye ulimwengu wa mtandaoni cheki kwanza nyuzi za mbao, ile mistari ya mti, zinaelekea wapi, maana boriti iliyosimama nyuzi zake zinapanda juu na iliyolala zinalala nayo, sasa ukibandika teksicha moja (picha ya mbao inayovikwa juu ya umbo) kila mahali bila kuizungusha digrii 90 panapotakiwa jicho linashtuka hata kama mtu hajui kwa nini. Halafu zile ncha zilizokatwa, pale weka pete za mti, sio nyuzi ndefu, wengi wanaparuka na ndo panapoua kazi nzuri kabisa.

Kingine mafundo, yale madoa ya mbao pale tawi lilipoota. Fundo moja jeusi kwenye picha inayojirudia ukutani mara nane litaonekana mara nane, lifute au sogeza picha kidogo kwa kila ubao. Picha ya saizi ya pikseli 512 kwa 512 inatosha kuta nyingi, 1024 bakiza kwa mlango na vitu vinavyotazamwa karibu, wageni wasisubiri vitu vipakie. Na kivuli chembamba kati ya ubao na ubao usikisahau aisee, mi nakipaka kahawia iliyokolea, nyeusi tupu inafanya ukuta uonekane umechorwa na kalamu.