Jinsi ya Kuzipata Albamu Mpya za Bendi za Roki Nzito za Kanada Ambazo Hazijavuma

Anayetaka kuzifahamu bendi za roki nzito za Kanada ambazo bado hazijavuma aanze na mji mmoja, asianze na nchi nzima. Kutoka Toronto hadi Vancouver kwa barabara ni zaidi ya kilomita 4,000, na bendi inayojilipia mafuta ya gari haiwezi kuusafiri umbali huo mara kwa mara. Ndiyo maana kila mji una wanamuziki wake, studio zake na kumbi zake, na bendi inayopendwa sana Winnipeg huenda haijulikani kabisa Montreal.

Ukishachagua mji, sikiliza redio ya chuo kikuu cha hapo. Kanuni za CRTC, tume inayosimamia utangazaji, huvitaka vituo vya kibiashara vitenge asilimia 35 ya nyimbo zao za muziki wa kisasa kwa kazi za Kanada, lakini kiwango hicho kinaweza kujazwa kwa nyimbo za zamani za Rush au The Guess Who, na bendi changa isiambulie kitu. Redio za vyuo hutegemea sana watangazaji wa kujitolea, wanaopiga wanachokipenda wenyewe. CiTR ya Vancouver, CJSW ya Calgary, CKUT ya Montreal na CKDU ya Halifax zote zinasikika kwenye intaneti. Tafuta kipindi cha muziki mzito na uandike kila jina usilolijua. Chati za !earshot, zinazokusanywa kutoka redio za aina hii, nazo zinafaa, hasa ukizisoma kuanzia nafasi za mwisho kupanda juu.

Kazi yenyewe hasa huanza unapofungua ukurasa wa bendi kwenye Bandcamp, tovuti ambako bendi huuza muziki wao. Wasikilizaji wengi huonja wimbo wa kwanza kisha wakaondoka. Shuka hadi chini ya orodha ya nyimbo, mahali bendi inapoeleza ni nani aliyerekodi, ni nani aliyechanganya sauti na ni studio gani iliyotumika, kwa sababu maelezo hayo mafupi yanaweza kukupa bendi nyingine kumi. Jesse Gander wa Vancouver, kwa mfano, amerekodi bendi za Japandroids, Bison na Anciients. Anayeipenda mojawapo ana kila sababu ya kutafuta ni bendi gani nyingine zilizopita mikononi mwake. Toronto, mfuate Ian Blurton, ambaye ameongoza bendi za Change of Heart, C'mon, Public Animal na Future Now, na wakati huohuo amekuwa mtayarishaji wa albamu za wenzake. Kwa maoni yangu, jina la mtayarishaji huongoza vizuri kuliko jina la aina ya muziki, kwa kuwa bendi moja hujiita roki nzito na jirani yake, yenye gitaa lilelile zito, ikajiita kitu kingine kabisa.

Katika ukurasa huohuo kuna tagi ya mji, yaani neno la kubonyeza linaloonyesha bendi inatoka wapi. Ibonyeze, uiunganishe na tagi ya "hard rock", kisha upange matokeo kuanzia albamu mpya. Tazama pia picha ndogondogo za watu walioinunua albamu hiyo. Ukibonyeza picha mojawapo utaona mkusanyo wa mtu huyo, na mara nyingi utakuta amenunua kazi za bendi nyingine za mji uleule.

Quebec inadai juhudi ya pekee, kwani bendi nyingi huko hujieleza kwa Kifaransa na utafutaji wa Kiingereza huziruka. Andika Montréal na Québec kwa alama zake. GrimSkunk, iliyoanzishwa Montreal mwaka 1988, ni mlango mzuri, maana wanamuziki wake ndio waliounda Indica, lebo ya kutoa albamu.

Tuzo za Juno, tuzo za muziki za Kanada, zimekuwa na kipengele cha albamu ya muziki mzito tangu mwaka 2012, ambapo bendi ya KEN mode ya Winnipeg ilishinda. Soma orodha ya walioteuliwa, kisha tafuta bendi walizopanda nazo jukwaani.

Kabla hujaiita albamu mpya, hakiki mwaka wake kwenye Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya albamu, kwa kuwa kazi za miaka ya 1980 hutolewa upya na kuwekwa mtandaoni bila maelezo ya kutosha. Ukiridhika, inunue, kisha bonyeza kitufe cha kuifuata bendi hiyo ili Bandcamp ikutumie barua pepe siku albamu inayofuata itakapotoka.