Kabla ya kufungua mfuko wa kutolea misaada Marekani

Ikifika Desemba, magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa huku Marekani hujaa michango: paa la shule, kisima, mgonjwa wa upasuaji, msiba. Tunatoa, tena bila kinyongo, lakini Januari ukimuuliza mtu alitoa kiasi gani na kwa nani, atakuna kichwa. Ndiyo maana baadhi yetu tumeanza kuuangalia ule mfuko ambao Wamarekani huuita DAF (donor-advised fund), yaani mfuko wa hisani unaofuata ushauri wa mtoaji. Unaweka fedha au hisa kwenye akaunti iliyo chini ya taasisi ya hisani, unapata nafuu ya kodi mwaka huohuo, halafu unaishauri taasisi ipeleke fedha wapi na lini. Jambo lenyewe si la jana. Mfuko wa kwanza wa aina hii ulifunguliwa katika New York Community Trust mwaka 1931, na sheria ya mwaka 2006 ikauwekea masharti.

Lishike hilo neno "unaishauri". Fedha ikishaingia si yako tena, na hairudi hata ukipoteza kazi wiki inayofuata. Mwenye mali kisheria ni taasisi. Wewe unapendekeza, na kwa kawaida wanakubali, ila uamuzi ni wao. Kwa hiyo akiba ya dharura, bima na ada za watoto zitangulie.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, pitia ulichotoa mwaka uliopita. Mimi niliketi mezani jikoni Jumapili moja na taarifa za benki, risiti za kutuma pesa nyumbani, na kalamu mbili. Ya bluu ilikuwa ya mashirika yaliyosajiliwa, nyekundu ya watu. Nilipofika Machi karatasi ilikuwa nyekundu tupu: karo ya mtoto wa dada, dawa za mama mkubwa, harusi mbili, matanga matatu. Mwaka mzima ulinipa mistari minne ya bluu. Nilikuwa nimejihesabu mtoaji mkubwa wa sadaka, kumbe zaidi nilikuwa ndugu anayetegemewa, na hilo nalo ni jema.

Zoezi hilo lina maana kwa sababu mfuko huu hauwezi kulipa hata mstari mmoja mwekundu. Sheria hairuhusu fedha zake kwenda kwa mtu binafsi, hata shida yake iwe kubwa kiasi gani. Wala usijaribu kujinunulia nayo tiketi ya dhifa ya hisani: manufaa ukiyapata wewe au jamaa yako, adhabu yake ni kodi ya asilimia 125 ya manufaa hayo. Pesa ambayo mama anaisubiri kila mwezi, usiisogeze karibu na mfuko huu.

Halafu kuna shule ya kijijini. Taasisi nyingi zinazotunza mifuko hii hupeleka fedha kwa mashirika ya hapa Marekani yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani yanayotambuliwa kisheria kuwa ya hisani. Kulifikia moja kwa moja shirika lililosajiliwa Dodoma au Kisumu kunadai uhakiki mrefu, na taasisi nyingine hazitaki usumbufu huo. Wengi hupitia mashirika ya kati kama GlobalGiving au CAF America. Uliza kabla ya kuweka hata senti, na uliza kwa kutaja jina la shirika unalolikusudia. Kama ni chama chetu cha wilaya au cha mji wa nyumbani, litafute jina lake kwenye orodha ya mashirika ya hisani iliyo katika tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Chama kisipowasilisha taarifa zake miaka mitatu mfululizo hupoteza hadhi yake papo hapo, na vyama vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea baada ya zamu za usiku husahau fomu kirahisi sana.

Kwenye kodi, fanya hesabu kwa namba zako mwenyewe. Kwa mwaka 2026, wanandoa wanaojaza pamoja wana punguzo la kawaida la dola 32,200, yaani mapato yasiyotozwa kodi bila kuorodhesha chochote, na misaada inakupa nafuu pale tu matumizi unayoyaorodhesha (misaada, riba ya nyumba, kodi za jimbo) yanapovuka hapo. Tuseme mume na mke wana mapato ya dola 140,000, riba ya nyumba na kodi za jimbo zinafika 24,000, na hutoa 6,000 kwa mwaka. Jumla ni 30,000, hawapati kitu. Wakiweka mfukoni misaada ya miaka mitatu kwa mara moja, yaani 18,000, kiasi sawa na asilimia 0.5 ya mapato yao huondolewa kwanza kwenye misaada hiyo, ambacho ni 700. Zinabaki 17,300, jumla inakuwa 41,300, na wamevuka kwa 9,100. Mashirika yao yanaendelea kupokea 6,000 kila mwaka kama zamani. Lakini asiyeorodhesha matumizi, ile nafuu mpya anayoruhusiwa ya dola 1,000 kwa mtu mmoja au 2,000 kwa wanandoa haihusu mfuko huu. Huyo atoe taslimu moja kwa moja kwa shirika.

Penye faida kubwa zaidi ni hisa. Ulizonunua kwa 2,000 na leo zina thamani ya 9,000, ukiziuza unadaiwa kodi ya faida ya 7,000. Ukizihamisha zenyewe kwenda mfukoni, kodi hiyo haikugusi, na punguzo linahesabiwa kwenye 9,000, ilimradi umezishika zaidi ya mwaka mmoja.

Ada nazo zisomwe. Taasisi ya Vanguard Charitable hufungua mfuko kuanzia dola 25,000. Fidelity Charitable haina kiwango cha kuanzia, lakini hutoza asilimia 0.6 ya salio au dola 100 kwa mwaka, ile iliyo kubwa. Mwenye dola 2,000 tu atakuwa anakatwa asilimia tano. Kwa kiasi hicho sioni haja ya mfuko.

Sheria hailazimishi mfuko utoe kitu kila mwaka, na hapo ndipo nia njema hulala usingizi. Umeshapata nafuu yako, pesa imewekezwa, hakuna anayekusukuma. Andikeni nyumbani, kabla ya kufungua, mtatoa kiasi gani, mwezi gani, kwa mambo gani mawili au matatu, na weka malipo ya kujirudia siku ileile unayofungua akaunti. Muislamu anayetaka kupitishia zaka humo amuulize sheikh wake kwanza: je, zaka imetoka siku pesa ilipoingia mfukoni au siku ilipomfikia anayestahiki? Pia mteue mrithi wa akaunti, la sivyo taasisi itafuata utaratibu wake ukiondoka.

Na tarehe. Ili upate nafuu ya mwaka huo, hisa ni lazima ziwe zimeingia kwa taasisi kufikia 31 Desemba, na uhamisho kutoka kwa dalali mmoja kwenda mwingine huweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Mimi huanza mara tu baada ya sikukuu ya Shukrani ya Novemba. Ukishtuka Krismasi imeshapita, tuma taslimu na hisa zisubiri mwakani.