Somo: Kuandika kumbukumbu ya rafiki aliyepigana Vita vya Kagera

Misibani kwetu wasifu wa askari mstaafu husomwa kwa dakika tatu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma hadi darasa fulani, akajiunga na JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), akashiriki Vita vya Kagera, akastaafu kwa heshima, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Basi, jeneza linashushwa. Nimemzika rafiki wa aina hiyo, mzee aliyenizidi umri kwa mbali na tuliyecheza naye bao karibu kila jioni, na nasema kwa uchungu kwamba yale maneno "akashiriki Vita vya Kagera" hayakumtendea haki. Hivyo ni vita ambavyo Tanzania ilipigana na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Mutukula, mpakani na Uganda, kwenda Kampala hawezi kupewa sentensi moja. Walio hai wa kundi lake leo ni wazee wa miaka sitini na mingi kwenda juu, na kila mwaka wanapungua. Kwa hiyo andikeni mapema.

Hatua ya 1: Anzeni kabla ya kuanua tanga

Matanga ndiyo wakati pekee ambapo shemeji wa Tabora, askari mwenzake wa Musoma na binti wa Dodoma wanakaa mkeka mmoja. Wakishatawanyika, utawatafuta kwa simu na hutawapata wote. Omba ruhusa kwa mjane na kwa msemaji wa familia kwanza; bila hiyo utaonekana unachungulia mali ya marehemu. Kisha kaa na wazee usiku, pale kahawa inapozunguka, uwashe kinasa sauti cha simu huku wakikiona. Usiwahoji kama polisi. Taja jambo moja tu, halafu nyamaza.

Kwa Waislamu maziko huwa ya haraka na hakuna nafasi ya wasifu mrefu kaburini. Lengeni arobaini, baada ya hitma.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi na picha

Tafuta namba yake ya jeshi, kikosi, kombania, cheo cha mwisho, barua ya kustaafu, nishani na vyeti vyake. Picha zigeuzwe nyuma kabla ya kitu kingine. Katika sanduku la rafiki yangu kulikuwa na picha ya vijana wanne wamekaa juu ya magunia ya mchanga, na nyuma yake, kwa kalamu ya wino iliyokwajuka, ameandika: "Mutukula. Wa pili kulia amebaki Lukaya." Yaani huyo alifia kwenye mapigano ya Lukaya, Uganda. Hakutaja jina. Mjane alilijua, maana kila mwaka mumewe alimtumia mama wa yule kijana pesa ya sukari hadi mama huyo alipofariki. Hayo hayakuwemo kwenye wasifu.

Piga picha kila karatasi mbele na nyuma, asili ibaki kwa familia. Usiondoke nayo hata kwa siku moja.

Hatua ya 3: Linganisha simulizi na kalenda ya vita

Kumbukumbu za wazee huchanganya miezi, na hilo si kosa lao. Weka kalenda hii pembeni unapoandika. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na siku chache baadaye daraja la Kyaka, kwenye Mto Kagera, likavunjwa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari. Machi ndiyo mapigano ya Lukaya, ambako askari wa Libya walikuwa upande wa Amin. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan.

Mjane akikwambia mumewe alirudi nyumbani mwaka 1981, usimsahihishe haraka. Baadhi ya vikosi vyetu vilibaki Uganda hadi mwaka huo kulinda amani. Uliza pia kama alipelekwa Msumbiji katika miaka ya themanini. Wengi walikwenda na hawasemi mpaka waulizwe.

Hatua ya 4: Mwandike mtu mzima

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Wanaandika ushujaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na msomaji haoni mtu. Rafiki yangu alikuwa sajenti, lakini mtaani tulimjua kwa mambo mengine. Alikunywa chai kwenye kikombe cha bati chenye mpini uliofungwa waya, na akikinyanyua alikizungusha ili midomo yake isiguse upande uliobanduka rangi. Hakukaa akiupa mlango mgongo, hata msikitini. Vijana wakigombana kijiweni aliwatenganisha kwa kuita majina yao matatu, kama anavyoitwa kuruta kwenye gwaride, na wote wakanyamaza. Fataki za mwaka mpya zilipoanza aliingia ndani akafungulia redio kwa sauti ya juu. Hilo la mwisho niliandike au nisiandike? Nililiandika, kwa idhini ya mkewe, kwa sababu wajukuu walidhani babu hapendi sherehe.

Andika na ukali wake kama alikuwa mkali. Andika deni alilolipa, shamba lililomshinda, timu aliyoishabikia. Tumia maneno yake kama alivyoyasema, akisema "tulikula mhogo mbichi siku mbili," usigeuze kuwa "walikabiliwa na uhaba wa chakula."

Hatua ya 5: Soma, gawa, hifadhi

Isomwe mbele ya familia kabla ya kuchapwa. Kurasa nne au tano zinatosha. Toa nakala kwa kila mtoto, kwa shule ya kijiji, na kwa chama cha askari wastaafu kama alikuwa mwanachama. Sauti ulizorekodi zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja, simu huibiwa.

Maswali ya wasomaji

*Baba yangu hakuwa JWTZ, alichukuliwa kutoka mgambo na hana karatasi yoyote. Nitaandika nini?*

Andika hivyohivyo. Jeshi lilipanuka haraka wakati ule kwa kuwaingiza mgambo, vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi na magereza. Tafuta watu wawili wa kijiji walioondoka naye siku moja, kila mmoja asimulie peke yake. Wanapokubaliana bila kusikilizana, umeshapata msingi. Na useme wazi kwamba ni simulizi yao.

*Tumekuta sare yake. Tunaweza kumvisha mjukuu apigwe picha kwenye arobaini?*

Hapana, dada yangu. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na mwaka 2023 JWTZ ilitangaza wazi kwamba wenye mavazi hayo wayasalimishe. Waulizeni kambi iliyo karibu namna ya kuyarudisha. Mjukuu ashike picha ya babu.

*Rafiki yake aliyefia vitani alizikwa wapi? Marehemu alitamani kumtembelea.*

Mashujaa wengi wa vita ile wamelala katika makaburi ya jeshi Kaboya, Muleba, mkoani Kagera. Nenda na jina kamili na kikosi. Watu wengi hukumbuka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, lakini siku za kawaida kuna utulivu wa kusoma majina.

*Aliniambia kitu kibaya alichokifanya kule. Hakumwambia mtu mwingine. Nikiandike?*

Kaka, swali hili ni zito na sitalijibu kwa mkato. Kama alikwambia ili autue mzigo, alikukabidhi wewe, hakulikabidhi gazeti la familia. Kama alisema "siku moja waambie," hapo ana haki ya kutimiziwa. Ukishindwa kujua, andika karatasi yako pembeni, ifunge, na useme nani aifungue na lini. Usimsafishe na usimshtaki katika kumbukumbu hii. Ukizidiwa, tafuta shehe au padri unayemwamini, au askari mwenzake mmoja, wao hawatashtuka.

*Wazee wenzake wanakataa kuzungumza. Nifanyeje?*

Acha vita kabisa. Waulize walikula nini, nani alikuwa mcheshi, chenja gani, yaani nyimbo za jeshi, waliimba kwenye mchakamchaka, barua za nyumbani ziliwafikiaje. Mzee mmoja alinikatalia mara kadhaa, kisha nikamuuliza kuhusu viatu. Aliongea mpaka adhana ya alfajiri. Mpelekee pia nakala ukimaliza, hata kama hakusema neno. Wengine huanza kusema baada ya kuona jina la mwenzao limeandikwa vizuri.