SOMO: Kusajili nembo ya bidhaa yako BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) ukiwa hukuhuku Mtwara

Wakuu habari za asubuhi. Msimu uliopita dada mmoja tunayekaanga naye korosho hapa Chikongola alikuta sokoni pakiti za mtu mwingine zina jina lake vilevile, mchoro wa bibo jekundu vilevile mpaka maandishi, akaenda kulalamika kashika cheti cha jina la biashara, kumbe kile hakilindi nembo. Imeniuma sana. Jina la biashara na alama ya biashara (ndo hiyo nembo) ni vitu viwili, vinasajiliwa kila kimoja kivyake.

Kwanza fungua akaunti kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa kusajili mtandaoni, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) iwe karibu.

Pili, kabla hujatoa hata shilingi, tafuta kama kuna alama inayofanana na yako, na hapa usiwe mvivu, tafuta na majina yanayosikika kama lako maana kinachoangaliwa ni kama mnunuzi atachanganya. Jina kama "Korosho Tamu" achana nalo, hilo linaelezea bidhaa tu, huwezi kupewa peke yako.

Tatu ni kundi la bidhaa, ndo wengi wanapokosea. Yapo 45, 1 mpaka 34 bidhaa, yaliyobaki huduma. Korosho ghafi ni 31, ukishakaanga ni 29, juisi ya mabibo 32, mvinyo wake 33. Ukichagua 31 na wewe unauza za kukaanga, umelinda kitu usichouza.

Kisha pakia picha ya nembo, lipa kwa kontroo namba. Ikipita inatangazwa kwenye jarida rasmi la alama za biashara, watu wana siku 60 za kupinga, pakiwa kimya unapata cheti. Miaka 7 ya mwanzo, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10.

MASWALI

Masasi: Mkuu mimi nimebuni mashine ya kubangulia, nayo nembo?
Jibu: Hapana kaka, hiyo ni hataza (patent, haki ya mvumbuzi), BRELA hukohuko. Inalindwa miaka 10, inaweza kuongezwa mpaka 20, ila lazima iwe mpya dunia nzima sio Masasi tu. Nakuomba sana, peleka maombi KABLA hujaipeleka Nanenane pale Ngongo au kurusha video, ukishaianika unajitafutia shida.

Kilwa: Nina mteja Unguja, cheti hiki kinatosha?
Jibu: Hakivuki maji. Zanzibar wana msajili wao, BPRA, unaomba upya kule.

Newala: Nina alama ya TBS (Shirika la Viwango) tayari, bado nahitaji hii?
Jibu: Ndiyo mama, TBS ni ubora wa kilichomo ndani, nembo ni yako wewe.

Lindi mjini: Yule dada wa Chikongola ikawaje?
Jibu: Kabadili jina, kachora bibo la njano, maombi kaweka kundi 29. Sasa hivi tunahesabu zile siku 60.