SOMO: Safari umeshailipia, kampuni bado inakudai. Pinga madai hatua kwa hatua

Umelipia safari ya mapumziko, risiti unayo, tarehe inakaribia. Inaingia barua pepe: "Tunakukumbusha kukamilisha salio lako." Unajibu kwamba umeshalipa. Wiki inayofuata inakuja nyingine kali zaidi, inasema nafasi yako itafutwa. Unapiga simu, unaambiwa "usijali, tunalishughulikia", na madai yanaendelea kana kwamba hukuwahi kufungua mdomo.

Nimefanya kazi kwenye hesabu za wakala wa safari, upande wa wanaotuma hizo barua. Barua ya namna hiyo mara nyingi haiandikwi na mtu. Mfumo unapita kwenye orodha ya wasafiri, unaona mwenye salio, unatuma. Jibu lako linaangukia kwa mtu wa huduma kwa wateja ambaye hana ruhusa ya kugusa daftari la malipo. Na pesa yako ipo benki kwao, imewekwa kwenye fungu la malipo ambayo hayajajulikana ni ya nani, kwa sababu uliandika jina la mtoto badala ya namba ya safari, au ilitoka kwenye akaunti ya mume wako.

Kwa hiyo kusema "nimelipa" hakutoshi. Kila mtu anasema hivyo, hata ambaye hajalipa. Waonyeshe pesa ilipoingia, lini, na kwa namba gani, ili mtu wa hesabu aende moja kwa moja kuitoa huko na kuiweka kwenye safari yako.

Hatua ya 1: Usilipe tena, na usibonyeze kiungo chochote

Kwanza jiulize kama anayekudai ni kampuni yenyewe. Matapeli huingia kwenye akaunti za hoteli na mawakala, wakakutumia madai yenye jina lako kamili na tarehe zako halisi. Kuwa na taarifa zako si ushahidi kwamba ni wao. Toa mkataba wako wa mwanzo, linganisha anwani ya barua pepe na namba ya akaunti ya benki. Kama akaunti imebadilika, simama hapo hapo. Piga simu kwa namba iliyo kwenye mkataba, siyo iliyo kwenye barua mpya.

Hatua ya 2: Hakikisha pesa ilitoka kweli

Nisamehe kwa kuliuliza hili, lakini ni lazima ulijue kabla hawajakuambia wao. Ukilipa kwa kadi, benki kwanza inazishikilia pesa, kisha kampuni inazichukua. Kampuni isipozichukua kwa wakati, zinarudi kwenye akaunti yako kimya kimya. Wewe unakumbuka ujumbe wa siku ile uliosema umelipa, hukuona zikirudi. Kwa hiyo usitegemee ule ujumbe. Chukua taarifa ya benki ya mwezi ule na wa baada yake, utafute muamala uliokamilika. Waliotuma kutoka benki waangalie pia kama zilirudishwa kwa sababu ya kosa la namba ya akaunti.

Hatua ya 3: Tafuta namba inayofuatilika

Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhinda au kukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Skrinshoti ya "malipo yamefanikiwa" haimsaidii sana mtu wa hesabu. Anachohitaji ni namba anayoweza kuitafuta kwenye mfumo wake au kuipeleka benki kwake.

Kama ulilipa kwa kadi, iombe benki yako namba ya ARN ya muamala huo. Ina tarakimu 23, na hutolewa pale muamala unapopitishwa kutoka benki ya muuzaji kwenda kwako. Pesa zilizoshikiliwa tu hazina namba hiyo. Ukiwa nayo, benki ya kampuni inaweza kuufuata muamala huo hadi mwisho.

Kama ulituma kwa benki kwenda nchi nyingine, omba nakala ya ujumbe wa SWIFT (mtandao ambao benki hutumia kutumiana maelekezo ya malipo) pamoja na namba ya UETR, ile ndefu yenye herufi, tarakimu na vistari, jumla 36. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kuona pesa ilipita wapi na ilifika lini. Kama ulilipa kwa simu, ni namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, pamoja na jina la aliyepokea. Ujumbe umefutika? Omba taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako.

Hatua ya 4: Piga hesabu yao, siyo yako

Andika bei yote ya mkataba, kisha kila malipo na tarehe yake: amana, awamu, malipo ya mwisho. Halafu angalia kiasi wanachodai. Kiasi hicho peke yake kinaweza kukuambia tatizo. Wakidai kiasi kilekile cha malipo yako ya mwisho, basi malipo hayo hayajaunganishwa na safari yako. Wakidai kiasi kidogo kisichoeleweka, mara nyingi ni makato ya benki njiani au tofauti ya kubadilisha fedha. Ukituma nje ya nchi unachagua nani abebe gharama: OUR ni wewe, SHA mnagawana, BEN ni mpokeaji. Ukichagua SHA au BEN, kampuni inaweza kupokea pungufu, na hapo wana hoja. Ni bora ukubali kipande hicho mapema na ukatae kilichobaki.

Hatua ya 5: Andika barua moja, fupi, ya kupinga

Simu haiachi ushahidi. Andika kwa barua pepe, itume kwa idara ya hesabu na nakala kwa idara ya malalamiko. Usimwage hasira hata kama unazo, na haki ya kuwa nazo unayo. Iwe hivi:

*"Yah: Kupinga madai ya malipo, safari namba ____.*

*Napinga madai yenu ya tarehe ____ ya kiasi cha ____. Kiasi hicho nililipa tarehe ____ kwa kadi/benki/simu, kutoka akaunti yenye jina ____, kwenda akaunti yenu inayoishia na ____. Namba ya muamala ni ____. Taarifa ya benki nimeambatanisha.*

*Naomba ndani ya siku 7: (a) muunganishe malipo hayo na safari yangu, (b) mnitumie ankara yenye salio sifuri, (c) mnithibitishie kwa maandishi kwamba nafasi yangu ipo na haitafutwa, (d) msitoze kadi yangu mliyonayo kwa madai haya. Kama mnasema hamjapokea, nitumieni orodha ya malipo yote mliyopokea kwa safari hii."*

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Inamlazimisha mtu kufungua daftari badala ya kujibu kwa barua iliyoandaliwa tayari. Kwenye taarifa ya benki, ziba miamala mingine isiyowahusu, na namba ya kadi acha tarakimu 4 za mwisho tu.

Wakituma ukumbusho mwingine, usianze upya. Jibu juu ya barua hiyohiyo: "Madai haya yamepingwa tangu tarehe fulani, nasubiri majibu yenu." Mazungumzo yote yawe kwenye uzi mmoja.

Hatua ya 6: Kagua nafasi yenyewe

Watu wanapigania risiti wakasahau safari. Ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, usiishie kwa wakala. Ile namba ya kuweka nafasi, yenye herufi na tarakimu 6, inaonyesha tu kwamba nafasi imeshikiliwa. Tafuta namba ya tiketi, tarakimu 13, ambapo 3 za mwanzo ni za shirika la ndege. Ikiwepo na iko hai, tiketi yako imetolewa. Isipokuwepo na safari imekaribia, hilo ndilo la kuuliza kwanza. Hoteli nayo ipigie: jina lako lipo? Malipo yanatoka kwa nani?

Hatua ya 7: Wakikaa kimya

Nenda kwa mkuu wa malalamiko, kisha kwa chama au mamlaka inayowapa leseni, kisha kwa chombo cha kutetea walaji. Uingereza, na nchi za Umoja wa Ulaya chini ya Maelekezo ya mwaka 2015 kuhusu safari za vifurushi (huduma kama ndege na hoteli zinazouzwa pamoja), waandaaji wanatakiwa kuwa na dhamana ya kulinda pesa za wasafiri kampuni ikifilisika. Kwa hiyo uliza mapema cheti chako cha dhamana kiko wapi. Kampuni inayodai fedha mara kwa mara kwa haraka inaweza kuwa inaishiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani mkuu kwa somo. Mimi nililipa kwa wakala wa mtaani. Yeye anasema ameshapeleka, kampuni inasema haijaona kitu. Nimkamate nani?

Jibu: Karibu ndugu. Soma risiti na masharti: je, wakala alipokea pesa *kwa niaba ya* kampuni? Kama ndivyo, kwa kawaida ukimlipa yeye umeilipa kampuni, na wao ndio wamalizane. Kama alipokea kwa jina lake mwenyewe, mdai yeye. Kwa vyovyote usikubali kuwa tarishi kati yao. Andika barua pepe moja kwa wote wawili, mwambie wakala aweke humo namba ya muamala aliotumia kuwalipa. Kama pesa ameshapeleka, namba hiyo anayo.

Swali: Dada yangu aliogopa akalipa mara ya pili kwa kadi. Sasa wamekaa na pesa zote mbili. Tufanyeje?

Jibu: Pole yake. Waandikieni kudai malipo ya pili yarudishwe kwenye kadi ileile, siyo vocha. Wakigoma, aende benki kupinga muamala kwa sababu ya kulipa mara mbili. Kwa kadi za Visa muda wa kawaida ni siku 120, na benki yake inaweza kuweka muda mfupi zaidi, kwa hiyo asisubiri. Lakini nawasihi sana: apinge malipo ya *pili* tu. Nimeona watu wakipinga ya kwanza. Benki inayarudisha, na kampuni inabaki na hoja halali kwamba safari haijalipwa.

Swali: Mimi wanasema siyo deni la zamani, ni nyongeza ya bei kwa sababu mafuta ya ndege yamepanda. Inaruhusiwa?

Jibu: Hilo ni jambo tofauti, mama, ushahidi wa malipo hautalimaliza. Waombe wakuonyeshe kifungu cha mkataba na hesabu ya nyongeza. Chini ya sheria ya Ulaya, bei ya kifurushi hupandishwa tu ikiwa mkataba umesema hivyo, na taarifa lazima ikufikie angalau siku 20 kabla ya safari. Ikizidi asilimia 8, una haki ya kujitoa na kurudishiwa pesa bila faini. Kwingine, mkataba wako na sheria ya nchi ndivyo vitaamua, kwa hiyo anza na kifungu.

Swali: Kwangu imefika kwa wakusanya madeni, wananipigia hadi kazini.

Jibu: Usijadiliane nao kwa simu, na usilipe hata kidogo "kuonyesha nia njema", maana malipo hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa umekiri deni. Waandikie: deni linapingwa, ushahidi huu hapa, nipeni uthibitisho wa deni, msinipigie kazini. Nakala kwa kampuni. Marekani, sheria ya mwaka 1977 inakupa siku 30 tangu upokee taarifa yao kulipinga kwa maandishi, na wakusanyaji wanatakiwa kusimama hadi walete uthibitisho.

Swali: Kaka, safari ni keshokutwa na hawajajibu lolote. Si nilipe tu niondokane nao?

Jibu: Kagua hatua ya 6 sasa hivi. Kama tiketi iko hai na hoteli imethibitisha, safiri, ukiwa umechapisha barua zako zote na taarifa ya benki. Kama wamezuia tiketi na huna namna, lipa, lakini kwa kadi, siyo kwa kutuma benki. Kabla ya kulipa waandikie: "Nalipa huku nikipinga, ili nisipoteze safari, na nitadai nirudishiwe." Ukilipa kimya baadaye watasema ulikubali.

Swali: Mimi nilifuata hatua hizi, leo wamejibu "samahani, tumeona malipo yako". Nimemaliza?

Jibu: Hongera! Bado kimoja. "Tumeona" haisemi salio ni kiasi gani. Omba ankara yenye sifuri, na kama walishapeleka jina lako kwa wakusanya madeni au taasisi za taarifa za mikopo, waandike barua ya kulifuta na wakupe nakala. Faili usilitupe hata baada ya kurudi safarini.