Jinsi ya kununua na kukagua sarafu ya senti 10 iliyopigwa nyutroni

Siku nilipofungua kifurushi, mke wangu alisoma maandishi ya kile kikasha, akaniuliza, "Baba Salma, hii si ndiyo mambo ya mabomu?" Usiku ule sarafu ililala kwenye buti la gari. Sikumlaumu. Kwetu ukitaja mionzi, mtu anaiona Hiroshima, au mlango mzito wa chumba cha eksirei. Mmarekani wa mwaka 1950 alikuwa akitoa sarafu yake mwenyewe ipigwe mionzi, anaitia mfukoni, anawapelekea watoto nyumbani.

Ninayoizungumzia ni senti 10 ya Marekani, wenyewe huiita dime, iliyotoka kwenye jumba la American Museum of Atomic Energy mjini Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Mji huo ulijengwa kwa siri kuanzia 1942 ili kurutubisha urani ya bomu la Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo. Malango ya mji yalifunguliwa kwa raia tarehe 19 Machi 1949, na jumba likafunguliwa siku hiyo hiyo. Mgeni aliitoa dime yake, ikaingizwa kwenye mtambo wenye metali mbili, antimoni nururishi (inayotoa mionzi) na beriliamu, ikapigwa nyutroni, yaani chembe ndogo za ndani ya kiini cha atomi, ikapitishwa kwenye kipima mionzi cha Geiger ili kila mtu aisikie ikilia, halafu ikafungwa kwenye kikasha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zimepita zaidi ya milioni moja.

Hatua ya 1: Nunua kikasha, usinunue sarafu

Wengi huliwa hapa. Dime ikishatolewa kwenye kikasha chake, hakuna kipimo cha nyumbani kitakachokuonyesha kwamba iliwahi kupigwa nyutroni. Inabaki kuwa gramu 2.5 za aloi, asilimia 90 fedha na asilimia 10 shaba, sawa na dime nyingine yoyote ya zamani. Nimewahi kuuziwa dime iliyokuja kwenye kimfuko cha nailoni pamoja na karatasi ya "uthibitisho" iliyochapwa juzi. Nimeiweka kama ada ya shule.

Kwa hiyo omba picha za pande zote mbili. Tafuta jina la jumba na maneno "Neutron Irradiated", yaani imepigwa nyutroni. Kagua ukingo: alama za bisibisi, gundi iliyomwagika, plastiki mpya kwenye metali iliyochakaa, vyote vinaonyesha kwamba kikasha kimefunguliwa. Ukishakipata kilicho salama, wewe usikifungue, hata kwa nia ya kusafisha. Sarafu kuwa nyeusi kidogo si ila. Fedha ndivyo inavyozeeka.

Hatua ya 2: Soma mwaka, lakini usiuamini kupita kiasi

Mgeni alitoa chochote alichokuwa nacho mfukoni. Ndiyo maana ndani ya kikasha unaweza kukuta dime ya Roosevelt, iliyoanza 1946, au ile ya zamani yenye kichwa chenye mabawa, iliyotengenezwa 1916 hadi 1945. Mwaka ulioandikwa unakwambia tu kwamba haikupigwa nyutroni kabla ya hapo. Wauzaji wanaotangaza "sarafu ya atomiki ya 1944" wanachanganya mambo, maana mwaka huo jumba lenyewe halikuwepo na mji haukuwemo hata kwenye ramani.

Ukiona 1965 au baadaye, uliza maswali. Sheria ya mwaka huo iliiondoa fedha kwenye dime, na bila fedha mchezo wote unapoteza ladha. Hatua ifuatayo itakuonyesha kwa nini.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuogopa, au kabla ya kulipia "bado ina mionzi"

Fedha asilia ni mchanganyiko wa aina mbili za atomi, 107 na 109 (namba zinaonyesha uzito wa kila atomi), karibu nusu kwa nusu. Kiini cha atomi kikimeza nyutroni, 107 inakuwa 108 na 109 inakuwa 110. Hizi mpya hazitulii. Fedha-110 hupungua nusu kila sekunde 25 hivi, na fedha-108 kila dakika 2.4. Karibu zote huishia kuwa kadimiamu, metali nyingine.

Chukua hiyo ya dakika 2.4. Dakika 24 ni nusu mara kumi, kwa hiyo imebaki moja ya 1,024. Saa nzima ni nusu mara 25, imebaki chini ya moja ya milioni 33. Mgeni akitoka pale, akala chakula cha mchana, tayari mfukoni ana senti 10 ya kawaida yenye chembe chache za kadimiamu. Aina nyingine zinazodumu zaidi hutokea kidogo mno, hata kipima chako hakitazijua. Anayekuuzia kwa bei ya juu kwa sababu "inatoa mionzi" ama hajui hesabu ama anaijua vizuri sana.

Hatua ya 4: Pima kwa utaratibu

Kama una kipima cha Geiger, usikisogeze kwenye sarafu na kushtuka kikilia. Kitalia tu, maana mionzi ya mawe na anga ipo kila mahali. Hesabu milio kwa dakika 10 bila sarafu, kisha dakika 10 ukiwa nayo, mahali pale pale. Ukipata kama 200 kila mara, tofauti ya 14 hivi ni bahati nasibu tu. Programu za simu zinazodai kupima mionzi kwa kamera achana nazo.

Hatua ya 5: Mwambie muuzaji aandike nini

"Sarafu ya kumbukumbu", basi. Yangu ya kwanza iliandikwa neno la atomi kwenye fomu ya forodha, ikakaa wiki tano ikisubiri mtu wa kuisaini.

Hatua ya 6: Iweke mbali na vitu vyenye mionzi ya kweli

Mahali pakavu panatosha. Ila nilipokuwa napima dime chumbani, kipima kililia kama jogoo kila nilipokigeuzia kabati. Kumbe ni saa ya mezani ya marehemu mkwe wangu, yenye namba zilizokuwa zikiwaka gizani. Zile zilipakwa rangi ya radiamu, na radiamu-226 hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Ilikaa karibu na kitanda miaka yote hiyo na hakuna aliyeipeleka kwenye buti. Ukiwa na kama hiyo, usifungue kioo wala usikwangue namba: vumbi lake likiingia mapafuni ndilo baya. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito, uiweke stoo, mbali na mahali watu wanapolala.