SOMO: Kubandua ngozi ya uso kwa asidi, hatua kwa hatua, kwa sisi wenye ngozi nyeusi

Habari zenu wapendwa. Somo hili limeombwa sana. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi, na kinachoniuma ni kwamba wengi wanaoletwa kwetu wameungua uso hawakuumizwa na asidi peke yake. Waliumizwa na haraka. Walitaka matokeo ya miezi minne kwa siku moja.

Tuanze na kazi ya asidi yenyewe. Inalegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa juu ya ngozi, zinabanduka, na ngozi changa ya chini inajitokeza. Inasaidia madoa ya chunusi, uso wenye mafuta mengi, ngozi iliyofifia na mikunjo midogo ya juu juu. Mashimo ya makovu na makunyanzi marefu haiyaondoi. Wala haimgeuzi mtu kuwa mweupe. Anayetafuta weupe, somo hili si lake.

Zipo asidi za kwenda chini zaidi. TCA (asidi ya trikloroasetiki) ya asilimia 35 hufika ngozi ya kati. Fenoli huzama zaidi ya hapo, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana daktari huitumia huku mashine ikifuatilia moyo. Kwetu sisi hizo si za kukimbilia, kwa sababu ngozi nyeusi ikiungua hujibu kwa kumwaga rangi, na doa jipya linaweza kukaa miezi mingi kuliko lile ulilokuja kuondoa. Njia yetu ni asidi nyepesi, yaani salisiliki au glaikoliki, kidogo kidogo, kwa kurudia.

HATUA YA 1: Maandalizi (wiki 2 hadi 4)

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu wanaparuka. Mwaka 1999 Dkt. Pearl Grimes wa Los Angeles alichapisha utafiti wa asidi ya salisiliki ya asilimia 20 na 30 kwa watu 25 wenye ngozi za rangi. Kabla ya kuguswa na asidi, walitumia haidrokwinoni, krimu ya kufifisha madoa, ya asilimia 4 kwa wiki mbili. Angalieni, hiyo ilikuwa dawa ya daktari kwa muda maalumu, si ile iliyofichwa kwenye mkorogo. Usijipangie mwenyewe.

Kwa upande wako, anza krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Kipimo: mistari miwili kwenye vidole viwili, uso na shingo. Krimu za retinoidi (za jamii ya vitamini A) simamisha wiki moja kabla. Usinyoe, usitoe nywele kwa nta wala kusugua uso siku chache kabla. Kama hupata vidonda vya virusi kwenye midomo vinavyojirudia, sema mapema kliniki, utapewa asikloviri, dawa ya kuvizuia.

Mjamzito asubiri. Mwenye mzio wa aspirini asiguse salisiliki kabisa, ni ndugu moja. Aliyemeza isotretinoini (vidonge vya chunusi), au mwenye kovu linalovimba na kukua, amweleze daktari kila kitu.

HATUA YA 2: Jaribio

Kliniki unapakwa kidogo nyuma ya sikio au chini ya taya, halafu unasubiri siku kadhaa uone ngozi inasemaje.

HATUA YA 3: Siku yenyewe

Uso unaoshwa, kisha unafutwa kwa spiriti au asetoni kuondoa mafuta, maana penye mafuta asidi haiingii sawasawa. Vaselini inapakwa pembe za macho, pembe za pua na midomo. Macho yanafumbwa. Chupa haipitishwi juu ya uso wa mtu hata mara moja. Paji la uso kwanza, halafu mashavu, pua na kidevu.

Na salisiliki utahisi moto unaopanda, dakika ya pili au ya tatu ndiyo kilele, kisha ganzi. Feni ya mkononi inasaidia sana. Uso unaota unga mweupe kama wa chaki: hizo ni chembe za asidi zilizobaki baada ya spiriti kukauka, ngozi haijaungua. Dakika 3 hadi 5 unaoshwa kwa maji.

Glaikoliki ni tabia nyingine. Haisimami yenyewe, ukiiacha inaendelea kula. Lazima izimwe kwa maji mengi au kwa maji ya sodiamu baikaboneti, na anayepaka asiondoe macho usoni wala kwenye saa. Sehemu ikianza kuwa ya kijivu au kuumuka malengelenge, inazimwa papo hapo, hata kama muda haujatimia.

HATUA YA 4: Siku saba za mwanzo

Sabuni laini, krimu ya kulainisha isiyo na manukato, kinga ya jua, basi. Ngozi itakaza, halafu magamba madogo kuzunguka mdomo na kidevu. USIYABANDUE. Kila gamba linalovutwa kwa kucha kabla ya wakati wake linaweza kuacha doa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukitoka usaha, rudi kliniki siku hiyo hiyo.

Hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mara 3 hadi 6 kwa wengi.

MASWALI YENU

Swali (Mombasa): Dadangu, mie hutumia ndimu na sukari usoni kila Ijumaa. Si asidi hiyo hiyo?

Jibu: Hapana mpenzi. Ndimu ni kali na haina kipimo, na ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha weusi. Acha leo.

Swali (Muscat): Shikamoo. Nimeona TCA mtandaoni, chupa ndogo, bei rahisi. Naweza kujipaka mwenyewe nikifuata video?

Jibu: Marahaba. Usinunue, tafadhali. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watu wasitumie asidi hizi kali nyumbani bila usimamizi, kwa sababu ya majeraha ya kuungua na makovu. TCA ikishaingia huwezi kuirudisha kwa kuosha. Na kwa jua la huko, hata iliyofanywa vizuri itahitaji upakae kinga kila saa mbili ukiwa nje.

Swali (Zanzibar): Harusi ya mdogo wangu ni siku kumi zijazo. Afanye hii kwanza halafu singo?

Jibu: Singo tu, yatosha. Asidi ya kwanza isifanywe chini ya miezi miwili kabla ya harusi, na singo au liwa ya kusugua isiguse uso uliotoka kupakwa asidi hadi umalize kubanduka. Bibi harusi mwenye magamba chini ya vipodozi atalia.

Swali (Dar): Nimetumia mkorogo miaka mingi, sasa uso una mishipa myekundu na unawasha. Asidi itanisaidia?

Jibu: Kwa sasa hapana, na nakuomba usimruhusu mtu wa saluni akupake. Hizo ni dalili za steroidi, dawa kali inayochanganywa kwenye mikorogo, ngozi imekonda. Mikorogo mingine ina zebaki pia, na zebaki inaweza kuharibu figo. Muone daktari wa ngozi akusaidie kuacha kwa mpangilio. Ukiwa Kaskazini, KCMC Moshi wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC. Ngozi ikishapona, tutazungumza.

Swali (Mwanza): Mimi ni mwanaume, shida yangu vipele vya ndevu na weusi shingoni. Hii ni ya akina dada tu?

Jibu: Ni yako pia kaka. Glaikoliki au salisiliki nyepesi husaidia vinyweleo vinavyojikunja na kuingia ndani ya ngozi. Ila usinyoe siku mbili kabla wala wiki moja baada ya kupakwa, na ukirudi kunyoa tumia mashine, uache ndevu fupi badala ya kukwangua hadi ngozini.